Mluzi wa Mama na Gego la Mwisho

Mama yangu alikuwa anapiga mluzi. Kwetu Buteba, mpakani mwa Uganda na Kenya, hilo ndilo jambo la kwanza watu walilosema wakimtaja, tena walilisema kwa kushusha sauti, utadhani wanasimulia kwamba anakunywa pombe na madereva wa malori. Mwanamke hapigi mluzi. Bibi mzaa baba alisema unaita nyoka. Akina mama wa kanisani walisema haufai kwa mtu anayeimba kwaya. Lakini maksai wetu wawili, mwekundu na mweupe, hawakuwa watu wa kanisani, na bila mluzi hawakusogea hata hatua.

Baba ndiye aliyewazoesha hivyo. Huku kwetu kulima na ng'ombe ni kazi ya watu watatu: mmoja anatangulia na kamba, mmoja anakwenda kando na fimbo, mmoja anashika plau nyuma. Baba hakupenda makelele ya watu watatu. Aliwafundisha wale maksai tangu wakiwa ndama wakubwa, akawapa mluzi mfupi wa kuanza, mluzi wa kupanda na kushuka wa kugeuka mwisho wa shamba, na ule mrefu wa chini, kama upepo kwenye mdomo wa chupa, wa kusimama. Alilima peke yake, na watu walipita barabarani wakasimama kutazama.

Alipofariki, maksai waligoma. Walichapwa, wakavutwa, wakabembelezwa kwa majani ya viazi, wakasimama tu. Wajomba wakasema wauzwe. Mama alianza kwenda nyuma ya choo, alikodhani hatumsikii, akawa anapuliza. Mwanzoni ilitoka pumzi tupu na mate. Kisha siku moja nilikuwa jikoni nachochea moto nikasikia ule mluzi wa kugeuka, wenyewe kabisa, na moyo wangu ukaruka kwa furaha kabla akili haijanikumbusha kwamba baba hayupo. Nilipotoka nje nikamwona yule mweupe ameinua kichwa, masikio mbele, anatazama upande wa choo.

Kuanzia hapo tulikula kwa mluzi ule. Hata majirani wa kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu, waliomsema mama, walitaka maksai wake watangulie kuvunja ardhi mvua zikianza, kwa sababu mistari yao ilinyooka.

Mimi niliacha shule kidato cha pili, nikapata kazi Busia, kwenye kibanda cha chakula upande wa Uganda, ambako madereva wa malori wanakaa wakingoja karatasi zao za forodha. Nawapelekea chai na chapati, na wakati chai inachemka naota ndoto. Ndoto yangu kubwa ni lori langu mwenyewe, lenye honi inayolia kama mluzi wa mama. Nilimwambia dereva mmoja Mkenya akacheka mpaka chai ikampalia.

"Msichana, na hiyo honi ng'ombe wote wa Uganda si watakufuata mpaka Mombasa?"

"Wacha wafuate," nikamwambia. "Nitawauza huko."

Maumivu ya mama yalianza sikioni, au yeye ndivyo alivyodhani. Sikio la kushoto, halafu shavu, halafu chini ya taya kama mtu anayepigwa nyundo polepole kutoka ndani. Akinywa maji baridi anafumba jicho. Asubuhi anaamka amevimba, jioni uvimbe umepungua, na anasema amepona.

Sasa, sisi watu wa mpakani tuna tabia moja ambayo sijui kama watu wa katikati ya nchi wanayo. Tunagawa ugonjwa. Ukiumwa upande huu, unameza dawa za upande huu siku kadhaa, halafu unavuka kwa miguu unatafuta za ng'ambo, kwa sababu za ng'ambo lazima zitakuwa kali zaidi. Wakenya wanakuja kwetu wakiamini hivyo hivyo, tunapishana nao pale kwenye lango, kila mtu ameshika shavu lake. Mama alipewa vidonge Uganda akanywa mpaka uvimbe ukashuka, akaacha. Uvimbe ukarudi, akavuka, akaeleza hadithi yake upya kama vile imeanza jana, akapewa vidonge Kenya, akanywa mpaka uvimbe ukashuka, akaacha. Upande mmoja haukujua habari za upande wa pili. Siku nilipokuwa nyumbani nilipanga maboksi yake mezani nikasoma maandishi madogo. Dawa ilikuwa ile ile, jina la biashara tu ndilo lilikuwa tofauti.

"Mama, hii na hii ni kitu kimoja."

"Kimoja namna gani? Hii ya Kenya rangi yake si unaiona? Na inachoma tumbo vizuri."

"Mama, dawa haipimwi kwa kuchoma tumbo."

"Wewe umesomea wapi, kwenye chapati?"

Tukacheka wote wawili, na yeye akashika taya kwa sababu kucheka kuliuma.

Ng'ambo, mganga mmoja wa meno alimwambia hawezi kumng'oa bila picha ya taya. Mama akaona anamzungusha. Akarudi upande wetu, akapata mtu wa kumng'oa pale pale, akamwonyesha kwa kidole jino linalouma. Likang'olewa. Aliniletea nilitazame, limefungwa kwenye karatasi: gego zuri, jeupe, mizizi mizima, halina hata doa. Usiku ule maumivu yalikuwa pale pale yalipokuwa, ila sasa palikuwa na pengo jirani yao. Maumivu ya taya yanahama, nilikuja kuambiwa baadaye. Jino bovu linalalamika kwa jirani yake, na mwenye mdomo anaapa kabisa kwamba ni jirani.

Kisha taya likakaza. Ilikuwa msimu mawingu yanapoanza kukusanyika mchana, kila mtu anaangalia juu. Mama aliamka hawezi kufungua mdomo kupita upana wa kijiko. Ugali haukupita, viazi havikupita, tukabaki na uji mwepesi. Lakini aliweza kupiga mluzi! Mluzi hauhitaji mdomo wazi, unahitaji midomo tu, na midomo yake ilikuwa mizima. Alisimama mlangoni, shavu kama mtu aliyeficha limau, akawapigia maksai mluzi mfupi, wakainuka. Akaniangalia kwa macho ya ushindi.

"Unaona?" akasema, meno yamefungana. "Nitalima. Uji nitakunywa, na nitalima."

Nilimpandisha kwenye bodaboda siku hiyo hiyo, yeye katikati, mimi nyuma nimemshikilia, tukaenda hospitali mjini Tororo. Njia nzima kila shimo lilimtoa mguno. Tulipofika usawa wa vilima vya Osukuru yule wa bodaboda akapunguza mwendo bila kuambiwa, akasema, "Vumilia mama, hapa mbele ni lami nzuri." Alidanganya, lakini alidanganya kwa upendo.

Daktari wa meno hospitalini alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye mikono midogo. Alimwambia mama ajaribu kuingiza vidole vyake vitatu mdomoni, kimoja juu ya kingine. Kikaingia kimoja, kwa shida.

"Mtu mzima akiwa mzima anaingiza vitatu," daktari akasema. "Misuli ya taya imejifunga kwa sababu ya usaha ulio nyuma. Leo sikung'oi. Kwanza tutulize huo moto."

Akampa dawa na kumwambia amalize zote, hata akijisikia mzima, tena za hapa tu. Aliposema "za hapa tu" alinitazama mimi, nami nikatazama sakafu. Akamfundisha kusukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na kufungua mdomo kidogo kidogo kila siku bila kulazimisha. Kisha tukaenda kupigwa picha, na akatuonyesha kwenye mwanga wa dirisha. Gego la mwisho la chini, kushoto, halikuwahi kuota vizuri. Lilikuwa limelala ubavu ndani ya mfupa, kama mtu aliyelala kitandani kwa kukingama, miguu kwake na kichwa mgongoni kwa mwenzake. Na chini ya mizizi yake kulikuwa na mstari hafifu, kama njia ya mchwa.

"Huu ni mshipa wa fahamu," akasema. "Ndio unaoupa mdomo wa chini hisia. Jino lako limeukalia. Nikilitoa lote, kuna uwezekano mdomo ukabaki na ganzi. Kwa wengi inaisha baada ya majuma au miezi. Kwa wachache haiishi. Njia nyingine ni kukata kichwa cha jino na kuiacha mizizi ilale. Hiyo inaukwepa mshipa, lakini mizizi inaweza kusumbua tena siku za mbele, ukalazimika kurudi. Mlifikirie. Taya likifunguka, mje tuamue."

Mimi nilikuwa nimeshaamua kabla hatujatoka mlangoni. Kwenye bodaboda nikamwambia sikioni, "Siku ya kuja, tumweleze daktari habari za mluzi. Aache mizizi."

"Tutaona," mama akasema.

Dawa zilifanya kazi. Vidole vikaingia viwili, kisha viwili na ukucha. Siku ya kurudi nilikuwa nimejiandaa na maneno yangu, nimeyapanga vizuri tangu Busia. Tulipofika, muuguzi akasema glavu na pamba zimekwisha, tukanunue nje, jambo la kawaida tu. Nikavuka barabara. Duka la kwanza halikuwa nazo, la pili lilikuwa na foleni. Niliporudi nikakuta mlango umefungwa, na muuguzi akapokea glavu kupitia upenyo akasema, "Ameshachomwa ganzi. Kaa hapo, dada."

Nilikaa. Kutoka ndani nilisikia mlio kama wa cherehani, unaanza na kunyamaza, na sauti ya daktari, "Unasikia maumivu au unasikia kusukumwa tu? Kusukumwa ni sawa." Mama akaitikia kwa koo. Nilijiambia ameshamweleza. Kwa nini asimweleze? Nikaanza kuota pale kwenye benchi, nikaona mvua, mistari iliyonyooka, mama amefunga leso kiunoni.

Alitoka ameuma pamba, macho yanacheka. Daktari akasema limetoka vizuri, vipande vipande, lote. Akatupa masharti: asiteme mate kwa nguvu, asinyonye kwa mrija, asisukutue mpaka kesho yake, barafu au kitambaa baridi shavuni, uji usiwe wa moto. Mimi nilisikia neno moja tu, lote, nikamtazama mama. Yeye akatazama mlango.

Ganzi ya sindano ilitakiwa kuisha jioni. Ulimi uliamka. Shavu likaamka. Mdomo wa chini, upande wa kushoto, haukuamka. Asubuhi nilimpa uji, akawa anakunywa na kunieleza jinsi alivyolala vizuri, mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na uji ulikuwa unamtiririka kidevuni mpaka kwenye gauni, naye anaendelea kusimulia. Hakujua. Nilichukua kitambaa nikampangusa. Akashika kidevu chake kama anashika kitu cha mtu mwingine.

Tuliporudi kutolewa nyuzi daktari alimgusa kwa ncha ya pamba, huku na huku, mama amefumba macho.

"Hapa?"

"Nasikia."

"Hapa?"

"Nasikia kwa mbali. Kama mdomo umevaa soksi."

"Kusikia kwa mbali ni dalili nzuri," daktari akasema. "Mshipa unarudi polepole sana. Tupe miezi."

Mvua haikutupa miezi. Ilinyesha mara mbili nzuri, na zamu ya kwanza ikawa yetu. Niliomba ruhusa kibandani nikaja. Majirani wa kikundi walikuwa wamesimama kwenye mpaka wa shamba na majembe yao. Mama akawafunga maksai nira, akashika plau, akakusanya midomo. Ikatoka pumzi. Akajipangusa mate, akajaribu tena, kichwa kimeinama upande wa kulia, ule mzima. Fffff. Yule mweupe akageuza sikio moja, akangoja. Mama akajaribu kuwaita kwa mdomo, "Haya! Twende!" Hawakuwahi kuambiwa twende maisha yao yote.

Jirani yetu mmoja, anayemwita mama shemeji na kumtania toka enzi za baba, akapaza sauti, "Shemeji! Leo redio imeisha betri?"

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, na alipocheka mdomo ukaenda upande mmoja, na kila mtu akaona. Kicheko kikaisha. Yule jirani akabaki anakuna shingo. Kisha akageuka akaenda kwake mbio, akarudi na kamba, akaifunga mwenyewe kwenye pembe za yule mwekundu, polepole, akaniwekea mkononi mwangu.

"Tangulia, binti," akasema. "Nitashika fimbo. Sitawachapa."

Tulilima hivyo, watu watatu, kama kila mtu. Maksai waliburuta miguu, nilivuta mpaka viganja vikachubuka, na mistari ilipinda kama nyoka. Kila tulipofika mwisho wa shamba yule mweupe alisimama, akangoja aambiwe.

Tulipopumzika, nikiwa nimekaa na mama kwenye ukingo, nikamuuliza.

"Mama, ulimwambia daktari?"

Alikuwa anajiminya mdomo kwa vidole, kama alivyofundishwa, kuuamsha.

"Aliniuliza," akasema. "Kabla ya sindano. Akaniuliza, kazi yako inatumia mdomo? Unaimba? Unapuliza tarumbeta? Yule muuguzi alikuwa pale, na kijana mmoja wa kujifunza, mwanafunzi, ameshika taa."

"Ukasemaje?"

"Nikasema mimi mkulima tu."

"Mama!"

"Ningesema nini? Kwamba mimi, mwanamke mzima, mjane, napiga mluzi?" Akatazama udongo kwenye miguu yake. "Nikasema toa lote, nisikusumbue tena. Yule kijana alikuwa sawa na wewe kwa umri. Niliona haya."

Mama aliyezoea kusikia kila mtu wa Buteba akimsema, na kupuliza mluzi mbele yao wote, aliona haya mbele ya kijana mmoja asiyemjua, Tororo, aliyeshika taa. Huenda daktari angeacha mizizi. Huenda hata hivyo angeshauri itoke, kwa usaha ule wa kurudi rudi ambao tuliufuga sisi wenyewe kwa kuvuka vuka mpaka. Sijui. Nimejaribu kuwa na hasira na mtu nikakosa wa kumkasirikia. Daktari aliuliza. Glavu zilikuwa zimekwisha. Bibi na nyoka wake alishafariki zamani.

Mdomo ulirudi, kwa sehemu. Ulianza kuwasha, kama mchwa wanatembea, na mama alifurahi kuwashwa kuliko alivyofurahia kitu chochote mwaka ule. Soksi ikawa nyepesi. Uji ukaacha kumwagika. Sasa anatafuna nyama pande zote mbili, analala usiku mzima, na akiona mtu ameshika shavu anampeleka Tororo mwenyewe, anamkalisha na kumwambia, "Akikuuliza kitu, sema. Hata kama ni cha aibu, sema." Wanadhani anazungumzia magonjwa mengine, wanacheka.

Na mluzi? Msimu uliofuata nilikuwa nyumbani, namenya viazi, nikausikia kutoka shambani. Nilitupa kisu nikatoka mbio. Alikuwa amesimama nyuma ya plau, anapuliza, na sauti ilikuwa inatoka kweli, lakini ilikuwa nyembamba, ya juu, imechanika katikati. Mluzi mfupi ulitoka. Ule wa kugeuka ulipanda, haukushuka. Ule wa chini, wa kusimama, haukutoka kabisa. Maksai walimtazama kwa adabu, kama watu wanavyomtazama mgeni anayeongea lugha wasiyoijua, na hawakusogea.

Mama alijaribu tena, na tena, mpaka akachoka. Kisha akaniona.

"Huu si ule, eh?" akaniuliza.

Nilitaka kumdanganya kwa upendo. Sikuweza.

"Hapana, mama. Huu ni mwingine."

Akatikisa kichwa polepole, akajipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Haya. Kalete kamba."